Barua ya wazi kwa wakuu wa mahakama ya Iran: anayekataa kitanzi si adui wa taifa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mahakama wa Jamhuri ya Kiislamu ya Iran, kwa Mwendesha Mashtaka Mkuu, kwa Waziri wa Sheria, na kwa wakuu wa magereza ya Evin, Ghezel Hesar na mengineyo,

Assalaam alaykum.

Kwa miaka mingi mmekuwa mkizungumza nasi kwa Kiswahili. Redio Tehran imetusomea habari, imetufasiria aya za Qur'ani, imetusimulia dhuluma wanazotendewa Wapalestina, na wengi wetu tumekaa tukasikiliza. Kwa hiyo sidhani mtaona ajabu msikilizaji mmoja akishika kalamu na kuwajibu kwa lugha hiyo hiyo.

Barua hii haikuandikwa kubishana nanyi juu ya uhalali wa hukumu ya kifo. Msimamo wangu ninao: dola isiue. Lakini najua watakaoisoma wamo wasiokubaliana nami, wanaoamini kwa dhati kwamba muuaji naye auawe, na nawaomba wasiiache njiani. Ninachokililia hapa hata wao kinawahusu. Ni watu mnaowatia gerezani kwa kosa la kusema, bila silaha na bila kumgusa mtu, kwamba kunyonga hakufai.

Tuanze na hesabu. Mwezi Mei 2016 Mahakama ya Mapinduzi mjini Tehran ilimhukumu Narges Mohammadi, mtetezi wa haki za binadamu, kifungo cha miaka 16. Mashtaka yalikuwa matatu: kueneza propaganda dhidi ya mfumo, mwaka 1, kukusanyika na kula njama dhidi ya usalama wa taifa, miaka 5, kuunda na kuongoza kikundi kinyume cha sheria, miaka 10. Ukifungua kanuni yenu ya adhabu utayakuta makosa hayo katika vifungu vya 500, 610 na 498. Kifungu cha 500 kinatoa kuanzia miezi 3 hadi mwaka 1. Cha 610 kinatoa miaka 2 hadi 5. Cha 498 kinatoa miaka 2 hadi 10. Yaani katika kila shtaka hakimu aliruka nafasi yote aliyopewa na sheria ya kuhurumia, akatua penye kikomo. Mara tatu mfululizo. Na kwa kuwa sheria yenu inasema mtu mwenye makosa kadhaa atumikie ile adhabu iliyo kubwa kuliko zote, miaka aliyotakiwa kuimaliza ni ile 10 ya kikundi.

Kikundi chenyewe ni Legam, kampeni ya kuondoa hukumu ya kifo nchini Iran hatua kwa hatua. Hakikuwa na bunduki wala kambi. Hakikupanga kuvamia gereza lolote. Watu walikutana, wakaandika taarifa, wakazitembelea familia za waliohukumiwa. Hata neno "mara moja" hawakulitumia. Walikubali kwamba safari ni ndefu. Kwa hilo, miaka 10. Nimejaribu kufikiria ni kosa gani la damu katika nchi nyingi lingempatia mtu miaka kama hiyo, na jibu halinifurahishi.

Nasrin Sotoudeh, wakili, alihukumiwa mwaka 2019 jumla ya miaka 33 na viboko 148. Ndani ya orodha ndefu ya mashtaka yake lilikuwemo la kuwa mwanachama wa Legam hiyo hiyo. Atena Daemi alikamatwa Oktoba 2014 akiwa binti wa miaka ishirini na kitu. Miongoni mwa ushahidi dhidi yake yalikuwa maandishi yake ya Facebook ya kulaani unyongaji, na ziara zake kwa familia za walionyongwa. Amnesty International inasema kesi yake haikuzidi dakika 15. Akapewa miaka 14, rufaa ikaipunguza hadi 7, na alitoka mwanzoni mwa 2022. Golrokh Ebrahimi Iraee aliandika hadithi kuhusu adhabu ya kupigwa mawe. Hakuichapisha. Ilikutwa nyumbani kwake katika upekuzi, na ikawa kesi. Hapo naomba mnisaidie kuelewa: hadithi iliyomo ndani ya daftari, isiyosomwa na mtu ila mwenyewe na mpekuzi, inahatarisha usalama wa nani?

Sasa niingie katika jambo ambalo ninyi mnalijua kuliko mimi. Sheria yenu ya kisasi haikujengwa bila mlango. Qur'ani, katika aya ya 178 ya Suratul Baqara, baada tu ya kutaja kisasi inamtaja aliyesamehewa na nduguye, na inauita msamaha huo tahfifu na rehema kutoka kwa Mola. Ndugu huyo si jaji, si mwendesha mashtaka. Ni mfiwa. Kwa hiyo katika kesi za mauaji uamuzi wa mwisho mmeuacha mikononi mwa mtu mwenye uchungu kuliko wote, na mtu huyo anaweza kusema hapana hata kamba ikiwa imeshawekwa.

Aprili 2014 ulimwengu ulimwona mmoja wao. Katika mkoa wa Mazandaran kijana aliyemuua mwenzake kwa kisu miaka saba kabla alisimamishwa juu ya kiti hadharani, amefungwa macho, kitanzi shingoni. Mama wa marehemu akaomba kiti naye apande. Akapanda, akamzaba kofi la uso. Halafu, yeye na mumewe, wakaishika ile kamba wakaivua shingoni mwa kijana. Picha zake zilipigwa na mpiga picha wa shirika la habari la Iran, si na maadui zenu. Ipo nyingine ya mama wa yule kijana akiwa amemkumbatia mama wa marehemu, wote wanalia. Mama huyo hakusema kwamba mwanawe hakustahili haki. Kofi lile lilikuwa na maneno yote. Alichokataa ni maiti ya pili.

Swali langu ni nani anayewafikisha wafiwa mahali pale. Mtu hafiki kwenye msamaha kwa bahati. Miaka inapita, watu wanakuja nyumbani, wanakaa, wananyamaza, wanarudi tena. Wanachangisha fedha za diya ambazo familia ya mkosaji, mara nyingi maskini, haiwezi kuzipata hata iuze kila kitu. Nchini kwenu kazi hii imefanywa na watu wa kila aina: wasanii, wazee wa mitaa, mawakili, wanafunzi. Mojawapo ya makundi yaliyoifanya lilikuwa jumuiya ya hisani ya wanafunzi iliyojiita kwa jina la Imam Ali, iliyoanzishwa mwaka 1999, iliyohangaikia watoto wa mitaani na vijana waliohukumiwa kifo kwa makosa ya utotoni. Mwanzilishi wake alikamatwa Juni 2020. Mwaka 2021 mahakama, kwa ombi la Wizara ya Mambo ya Ndani, iliamuru jumuiya hiyo ivunjwe.

Hili ndilo linalonishinda kulimeza. Mnasema hukumu si zenu, ni za sheria ya Mungu, na kwamba mlango wa huruma uko wazi kwa wafiwa. Halafu anayekwenda kuubisha mlango huo mnamkamata barabarani. Ukimfunga msuluhishi, umeshamwamulia mfiwa kabla hajaulizwa.

Na hizo ni kesi za mauaji tu. Dawa za kulevya hazina mfiwa wa kusamehe. Huko mwenye uamuzi ni dola peke yake. Mwaka 2023, kwa hesabu ya Amnesty, watu wasiopungua 853 walinyongwa Iran, na 481 kati yao ilikuwa kwa makosa ya dawa za kulevya. Zaidi ya nusu. Hapa hamwezi kujificha nyuma ya aya ya kisasi, kwa sababu aya ya kisasi haizungumzii mtu aliyekutwa na mzigo wa heroini kwenye buti la gari.

Lakini niwatendee haki: mliwahi kusikiliza. Mwaka 2017 Bunge lenu lilirekebisha sheria ya dawa za kulevya, likapandisha kiwango cha mzigo kinachompeleka mtu kwenye kamba. Mwaka huo walinyongwa watu wasiopungua 507. Mwaka uliofuata, 2018, walikuwa 253. Nusu nzima ilibaki hai kwa sababu ya marekebisho ya kifungu kimoja. Mabishano yaliyozaa marekebisho hayo yalikuwa ya miaka, ndani ya Bunge na nje yake, na hoja zilizoshinda ndizo zile zile ambazo watu wa Legam na wenzao walikuwa wakizisema: kwamba wanaonyongwa ni wabebaji, mafukara wa mipakani, ilhali wenye mali hawaguswi, kwamba kamba haijapunguza biashara hiyo. Aliyeyasema ndani ya Bunge aliitwa mheshimiwa. Aliyeyasema nje aliitwa adui wa usalama wa taifa. Tangu 2021 idadi imepanda tena kila mwaka, na hilo limekwenda sambamba na kuwanyamazisha wasemaji. Sidai kwamba la pili limezaa la kwanza peke yake. Nasema breki ikiondolewa gari halipungui mwendo.

Kuna mtu wenu mmoja sharti nimtaje, ingawa najua jina lake halipendwi katika baadhi ya ofisi zenu. Ayatullah Hussein Ali Montazeri hakuwa mtu wa Magharibi. Alifungwa na Shah, alikuwa mwanafunzi wa Imam Khomeini, na ndiye aliyekuwa ameteuliwa kumrithi. Katika kiangazi cha 1988 maelfu ya wafungwa wa kisiasa, wengi wao tayari wakitumikia vifungo walivyopewa na mahakama, walipoanza kunyongwa kwa siri, Montazeri aliandika barua. Aliandika kwa Khomeini mwenyewe akipinga. Tarehe 15 Agosti aliwaita Qum maofisa waliokuwa wakisimamia mauaji hayo, akawaambia ana kwa ana kwamba wanachokifanya ni jinai kubwa kuliko zote zilizotendwa katika Jamhuri ya Kiislamu na kwamba historia itawahukumu. Machi 1989 alikuwa si mrithi tena. Baadaye alifungiwa nyumbani kwake zaidi ya miaka mitano.

Maneno yale yalirekodiwa kwenye kanda. Agosti 2016 mwanawe, Ahmad Montazeri, ambaye naye ni sheikh, aliitoa hadharani. Mahakama Maalumu ya Masheikh ikamhukumu miaka 21, itumikiwe 6. Mmoja wa maofisa waliokuwepo kwenye mkutano ule, Ebrahim Raisi, aliteuliwa Mkuu wa Mahakama mwaka 2019 kisha akawa rais. Tazameni wenyewe: baba alipoteza cheo kwa kusema, mtoto akahukumiwa kwa kutusikilizisha alichosema baba, na aliyekemewa ndiye akapanda. Sasa kijana wa Tehran au Sanandaj anayetaka kuwa jaji anajifunza nini hapo?

Sitaki mseme nimewaletea vitabu vya Geneva tu, ingawa navyo vina haki yake. Iran iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa mwaka 1975, na Jamhuri ya Kiislamu haikujitoa. Kifungu chake cha 6, kile kile kinachozibana nchi zinazotoa hukumu ya kifo, kinamalizia kwa kusema hakuna neno lolote ndani yake litakalotumiwa kuchelewesha au kuzuia kufutwa kwa hukumu hiyo. Hivyo anayedai ifutwe anadai kitu ambacho mkataba mliousaini unakitarajia. Hilo linatosha kwa Geneva.

Katiba yenu, kifungu cha 8, inasema kuamrisha mema na kukataza mabaya ni wajibu wa wote: watu kwa watu, serikali kwa watu, na watu kwa serikali. Watu kwa serikali! Sijui katiba nyingi duniani zilizoandika jambo hilo waziwazi namna hiyo, na nilipolisoma mara ya kwanza nililipenda. Kifungu cha 27 kinaruhusu mikutano na maandamano ya wasio na silaha, ilimradi misingi ya Uislamu isivunjwe. Kifungu cha 168 kinataka makosa ya kisiasa yasikilizwe hadharani, na baraza la wazee wa mahakama liwepo. Dakika 15 mbele ya hakimu mmoja wa Mahakama ya Mapinduzi, bila baraza, bila hadhira, si utekelezaji wa kifungu hicho.

Na iko ile barua ya Imam Ali kwa Malik al-Ashtar alipomtuma kuwa gavana wa Misri, ambayo hunukuliwa sana katika hotuba zenu na katika matangazo yenu ya Kiswahili pia. Mle ndani Imam anamwagiza gavana atenge wakati wa kukaa na wenye shida, awaondoe askari na walinzi wake pale, ili msemaji wao aseme bila kubabaika. Hakusema wasikilizwe wanaosifu. Mwenye shida anakuja kulalamika. Na katika barua hiyo hiyo anamwonya juu ya damu: ajihadhari na kuimwaga pasipo haki, kwa kuwa hakuna kinachoharakisha kuondoka kwa neema na kukatika kwa utawala kama hilo. Maagizo yote mawili yamo katika barua moja, na naamini hayakukutana kwa bahati. Gavana anayetaka kuepuka damu isiyo ya haki atajuaje kwamba anakosea, kama msemaji anababaika kwa kuwaona walinzi?

Agosti 2024, baada ya Reza Rasaei, aliyekamatwa baada ya maandamano ya 2022, kunyongwa, wanawake wa gereza la Evin walitoka uani wakapaza sauti. Familia ya Narges Mohammadi ilisema alipigwa kifuani akazimia. Wakuu wa magereza walikana kwamba kulikuwa na kipigo. Sikuwepo, na ninyi mnaosoma barua hii ofisini pia hamkuwepo uani. Ila sote tunajua walinzi walikuwepo.

Mtasema: je, waliouawa? Wazazi waliozika watoto wao, nani anawatetea? Ni swali zito na sitalipita kwa mbio. Mfiwa ana haki ya ukweli, ya kesi, ya kumwona aliyemdhulumu akiadhibiwa. Hakuna mtetezi niliyemtaja anayemnyima hilo. Lakini msimtumie mfiwa kama ngao, kwa sababu nanyi mnao wafiwa mnaowafunga. Mohammad Mehdi Karami, kijana wa miaka 22, alinyongwa Januari 2023 baada ya maandamano ya mwaka uliotangulia. Baba yake, Mashallah Karami, aliyekuwa akienda kaburini na kuzungumza juu ya mwanawe, alikamatwa Agosti mwaka huo huo na baadaye akapewa kifungo. Naye alikuwa mzazi aliyezika mtoto.

Mtasema pia: mbona huwaandikii wengine? Ningewaandikia, na orodha si fupi. Minsk ingeipata nakala: Belarus ndiyo nchi pekee ya Ulaya inayoendelea kuwaua waliohukumiwa, kwa risasi, bila kuiambia familia siku wala kuionyesha kaburi, na Ales Bialiatski wa Viasna, shirika lililoendesha kampeni ya miaka mingi dhidi ya adhabu hiyo, alipewa miaka 10 mwaka 2023. Singapore ingeipata: huko mawakili waliowasilisha maombi ya dakika za mwisho kwa ajili ya Nagaenthran Dharmalingam, aliyenyongwa Aprili 2022, waliamriwa walipe gharama za dola 20,000 za nchi hiyo, na baadaye wafungwa walilalamika kwamba hawapati wakili wa kuwasimamia. China ingeipata ya kwake. Uovu wa jirani haujawahi kuwa hoja mahakamani.

Marekani, mnayoikosoa kila siku, nayo inaua. Mwaka 2024 iliua watu 25. Lakini usiku wa kila hukumu wapinzani husimama nje ya gereza na mabango yao, wakaimba, wakarudi nyumbani. Mawakili wao, wanahabari wao na wanafunzi wao wamechimbua mafaili mpaka, tangu 1973, watu zaidi ya 200 waliokuwa wamehukumiwa kufa wameondolewa hatia. Mia mbili waliokuwa wafe bure. Kwenu ni wangapi? Hakuna ajuaye, kwa sababu wenye kuchimbua mafaili ndio mnaowaweka ndani. Je, mahakama zenu hazikosei kamwe? Nawaulizeni kama wanafiqhi: kanuni ya kuzuia adhabu panapokuwa na shaka mnaifundisha Qum hadi leo. Nani atakayeileta hiyo shaka mbele yenu?

Hata kuhesabu kumekuwa kosa. Shirika la Iran Human Rights lililoko Norway lilirekodi watu wasiopungua 975 walionyongwa mwaka 2024. Vyombo rasmi vilitangaza 95 tu kati yao. Waliobaki walijulikana kupitia wafungwa wenzao, jamaa zao, watu waliothubutu kupiga simu. Kama mnaamini adhabu hii ni somo kwa jamii, mbona somo lenyewe mnalificha asilimia tisini?

Ndani ya Ghezel Hesar, kule Karaj, tangu Januari 2024 wafungwa wamekuwa wakigoma kula kila Jumanne. Waliichagua Jumanne kwa sababu wanaujua utaratibu wa gereza lao: anayekwenda kunyongwa Jumatano alfajiri huwa ameshatolewa kwa wenzake na kuwekwa selo ya peke yake, na Jumanne ndiyo siku yake ya mwisho. Mgomo huo umeenea katika magereza zaidi ya 40. Walioanza wamo watu ambao wao wenyewe hawakuhukumiwa kifo. Wanashinda njaa kwa ajili ya wengine, wengi wao wa makosa ya dawa za kulevya, watu ambao wanasiasa wa kila upande wamewasahau. Sijui ibada gani ya siku hizi inayoikaribia hiyo. Na ninyi mnawaadhibu kwa kuwahamishia magereza ya mbali na familia zao.

Desemba 2023 watoto pacha wa Narges Mohammadi, Kiana na Ali, walipanda jukwaani Oslo kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel kwa niaba ya mama yao aliyekuwa Evin. Kamati ya tuzo ilitaja kwamba amekamatwa mara 13 na kuhukumiwa jumla ya miaka 31 na viboko 154. Desemba 2024 alitolewa kwa muda kwa ajili ya matibabu. Desemba 2025 akakamatwa tena, Mashhad, kwenye hitma ya wakili Khosrow Alikordi. Hitma! Watu wamekwenda kumsomea marehemu.

Sasa ninayoyaomba. Waachieni wote waliofungwa kwa kupinga hukumu ya kifo kwa maneno, kwa maandishi, kwa mgomo wa kula au kwa kukusanyika, na futeni hukumu zote zilizosimama juu ya uanachama wa Legam. Si kwa msamaha wa sikukuu, maana msamaha ni wa mkosaji. Msimwadhibu mfungwa kwa kukataa chakula Jumanne. Irudisheni jumuiya ile ya Imam Ali na makundi yote yanayokwenda kwa wafiwa kuombea watu. Kila atakayenyongwa, mpaka siku mtakapoacha, familia yake iambiwe mapema, apate kuonana nayo, na jina lake litangazwe na ninyi, si na watu walioko uhamishoni. Tarehe 10 Oktoba kila mwaka dunia huadhimisha siku ya kupinga hukumu ya kifo. Ruhusuni watu wakutane Tehran siku hiyo chini ya kifungu cha 27, na mwende mkawajibu hoja kwa hoja.

La mwisho ni lako peke yako, Mheshimiwa Mkuu wa Mahakama. Kanuni yenu ya mwenendo wa mashtaka, katika maelezo ya kifungu cha 48, inasema anayeshtakiwa kwa makosa ya usalama wa taifa, katika hatua ya uchunguzi, achague wakili kutoka katika orodha iliyoidhinishwa nawe. Watetezi wote niliowataja wanashtakiwa kwa makosa ya aina hiyo. Maana yake ofisi yako ndiyo inayoamua nani ahukumu, na ndiyo inayoamua nani atetee. Orodha hiyo haihitaji kura ya Bunge ili ipanuliwe. Waandike humo mawakili wote wenye leseni, wakiwemo wale waliowahi kufungwa kwa kuwatetea wateja wao, na uitie saini.

Wasalaam.

Msikilizaji wenu wa Kiswahili